ALMASI AU KIOO? SOMO LA KUPIMA KITO KILICHO KATIKA PETE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeonelea nisiwaletee hadithi ya mapenzi wala shairi la kuwaaga watahiniwa, bali niwaletee somo. Somo lenyewe ni hili: utajuaje kwamba kijiwe kinachometameta katika pete, kipuli au mkufu ni almasi ya kweli, wala si kioo kilichochongwa kikachongeka?

Najua kuna watakaocheka. Watasema, "Sisi na almasi wapi na wapi? Sisi twaja shule kwa miguu na mchana ni githeri!" Haya, cheka, lakini ukimaliza nisikilize. Asiyejua kupima kito huibiwa mara mbili. Huibiwa anapouziwa kioo kwa bei ya almasi, na huibiwa tena anapouza almasi kwa bei ya kioo. Wizi wa kwanza huwapata wenye pesa. Wa pili huwapata watu kama mama zetu na nyanya zetu, ambao labda wamehifadhi pete moja tu kwenye kitambaa chini ya sanduku, wakingojea siku ya shida. Kwa hivyo somo hili latuhusu.

ALMASI NI NINI HASA?

Mtashangaa kusikia kwamba almasi ni ndugu wa makaa. Katika somo la kemia tulifundishwa kuwa elementi ya kaboni huja kwa maumbo mbalimbali. Umbo moja ni grafiti, ile nyeusi laini iliyo ndani ya kalamu ya makaa. Umbo jingine ni almasi. Atomi ni zile zile, ila zimejipanga tofauti. Katika grafiti zimekaa tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo huteleza kwa urahisi. Katika almasi kila atomi imewashika wenzake wanne kwa nguvu sana, kila upande, hata hakuna pa kuteleza.

Mwaka wa 1772 mwanasayansi Mfaransa, Antoine Lavoisier, alichoma almasi kwa miale ya jua iliyokusanywa na lenzi kubwa, nayo ikaungua. Mwaka wa 1797 Mwingereza Smithson Tennant akaonyesha kwamba hewa inayotoka almasi ikiungua ni sawa kabisa na ile itokayo kwa makaa ya uzito huo huo. Ndugu wa damu, basi!

Almasi za asili ziliumbika kilomita 150 na zaidi chini ya ardhi, miaka mabilioni iliyopita, kisha zikaletwa juu na volkano. Jirani zetu Tanzania wanayo machimbo ya Mwadui huko Shinyanga, ambayo yaligunduliwa mwaka wa 1940 na mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson. Mwaka wa 1947 lilipatikana hapo jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Karati moja ya almasi ni gramu 0.2, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe: jiwe lile lilikuwa gramu 10.9 tu! Lilitunukiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa akiolewa mwaka huo, kisha likachongwa likabaki karati 23.6. Kitu kidogo namna hiyo, thamani kubwa namna hiyo. Si ajabu kwamba waigaji ni wengi.

WAIGAJI WA ALMASI

Huwezi kumkamata mwizi usiyemjua sura. Hawa ndio washukiwa wakuu:

Kwanza, kioo cha kawaida kilichochongwa. Huyu ni mwigaji wa zamani na ndiye wa bei rahisi kuliko wote.

Pili, mawe mengine meupe ya asili, kama kwazi, topazi nyeupe na yakuti nyeupe. Haya ni vito halali, ila si almasi.

Tatu, zirkonia. Hii hutengenezwa viwandani na ilijaa madukani kuanzia miaka ya 1970. Inang'aa vizuri mno, na ndiyo iliyo katika pete nyingi za bei nafuu utakazoziona.

Nne, moisanaiti. Imeitwa hivyo kwa heshima ya Mfaransa Henri Moissan aliyeigundua mwaka wa 1893 katika mawe ya shimo la kimondo huko Arizona, Marekani. Ile inayovaliwa hutengenezwa viwandani, na iliingia katika biashara ya vito mwishoni mwa miaka ya 1990. Huyu ndiye mwerevu kuliko wenzake wote, mtamwona akiwapita askari huku wenzake wakikamatwa.

VIPIMO VYA KUDANGANYA

Kabla sijawapa vipimo vya kufaa, wacha nivunje vile ambavyo watu huambiana mtaani.

1. Kutumbukiza majini. Eti almasi huzama na kioo huelea! Mwenzangu, umewahi kuona kipande cha kioo kikielea? Densiti ya maji ni gramu 1 kwa sentimita moja ya ujazo. Ya kioo ni kama 2.5, ya almasi ni 3.52, na ya zirkonia ni karibu 5.7. Vyote huzama. Anayekuonyesha jambo hili kama ushahidi, ama hajui ama anajua sana.

2. Kukwaruza kioo cha dirisha. Ni kweli almasi hukwaruza kioo. Lakini katika kipimo cha ugumu alichotunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka wa 1812, kioo ni kama 5.5 tu. Kwazi ni 7, topazi 8, zirkonia 8 na zaidi kidogo, yakuti 9, moisanaiti 9.25 na almasi 10. Hao wote watakikwaruza kioo bila shida. Umeharibu dirisha la watu na hujajua lolote.

3. Kupiga kwa nyundo. Hili ni la kale. Mwandishi wa Kirumi, Pliny, aliandika kwamba almasi ikipigwa juu ya fuawe, nyundo na fuawe ndivyo huvunjika. Si kweli hata kidogo. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa. Kustahimili pigo ni jambo jingine kabisa. Almasi ina pande ambako hupasuka kwa urahisi, na wachongaji huzitumia pande hizo hizo kuigawa. Ukiipiga nyundo, waweza kubaki na unga wa almasi halisi mkononi, ukilia.

4. Taa ya kukagulia noti bandia. Baadhi ya almasi hutoa mwanga wa samawati chini ya taa hiyo. Nyingine nyingi hazitoi chochote. Kwa hivyo jiwe kukosa kuwaka si hatia.

MASHAHIDI WA KWELI

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Chukua kila kipimo kama shahidi mahakamani. Kila shahidi aliona jambo moja tu, hakuona yote. Tena kuna shahidi anayeweza kusema, "Huyu siye," lakini hawezi kusema, "Huyu ndiye." Ukilishika hilo, umelishika somo.

Shahidi wa kwanza ni pumzi. Osha pete kwa maji ya sabuni, ikaushe, iache ipoe. Kisha ipulizie pumzi ya mdomo jinsi unavyopulizia miwani. Almasi hupitisha joto kuliko chuma chochote, karibu mara tano ya shaba. Kwa sababu hiyo ukungu hutoweka karibu papo hapo. Ukungu ukikaa sekunde kadhaa, yaelekea ni kioo au zirkonia. Ila kumbuka mambo mawili. Jiwe lenye mafuta ya mkono hudanganya, na moisanaiti nayo hupitisha joto vizuri, kwa hivyo hushinda mtihani huu.

Shahidi wa pili ni maandishi. Huyu hutumika kwa jiwe ambalo halijapachikwa. Liweke kifudifudi juu ya gazeti, upande bapa ukiwa chini, halafu uchungulie kutoka juu. Tulisoma katika fizikia kwamba mwanga huinama unapotoka kwenye kitu kimoja kwenda kingine. Kipeo cha kuinamisha mwanga cha kioo ni kama 1.5, na cha almasi ni 2.42. Katika almasi, mwanga unaogonga ukuta wa ndani kwa pembe inayozidi nyuzi 24 na nusu hivi hauwezi kutoka, hurudishwa ndani. Katika kioo ni mpaka uzidi kama nyuzi 42. Ndiyo maana almasi iliyochongwa vyema hurudisha mwanga juu na huwezi kusoma herufi zilizo chini yake. Ukizisoma herufi, yaelekea jiwe ni kioo, kwazi au topazi. Lakini zirkonia ina 2.15 na zaidi, na moisanaiti ina 2.65. Hao nao huzificha herufi. Tena almasi iliyochongwa vibaya yaweza kuonyesha herufi ikadhaniwa kioo, nayo haina kosa.

Shahidi wa tatu ni lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara 10. Chunguza kingo ambako nyuso za jiwe zinakutana. Kingo za almasi ni kali kama wembe hata pete ikivaliwa miaka mingi. Za kioo na zirkonia huwa zimelika, zikawa za mviringo kidogo na zenye mikwaruzo. Kisha tazama ndani. Almasi nyingi za asili zina vidoa vidogo au nyufa nyembamba. Hizo si aibu, ni alama za kuzaliwa. Kioo huwa na viputo vya hewa vya duara. Zirkonia mara nyingi ni safi mno, safi ya kutia shaka. Na hapa ndipo moisanaiti hukamatwa: ukiitazama kwa mshazari, kingo za upande wa nyuma huonekana mbili mbili, kama unaona maruirui. Almasi haifanyi hivyo. Pia moisanaiti humwaga rangi za upinde wa mvua kupita kiasi, ilhali almasi huchanganya mweupe mwingi na rangi kidogo.

Shahidi wa nne ni densiti. Huyu nampenda sana kwa sababu hasemi kwa macho, husema kwa tarakimu. Nitamweleza hivi punde.

Shahidi wa tano ni mashine ndogo ya sonara yenye sindano. Sindano hiyo ina joto. Ikigusa jiwe, mashine hupima joto linavyokimbia, kisha hulia au huwasha taa ikiwa jiwe ni almasi. Ni shahidi mzuri, lakini moisanaiti humdanganya huyu pia. Ndiyo sababu sonara mwangalifu huwa na mashine ya pili inayopima jinsi umeme unavyopita, kwa kuwa moisanaiti nyingi hupitisha umeme kidogo na almasi nyingi hazipitishi.

TULIVYOPIMA KATIKA MAABARA

Muhula wa pili sisi wanafunzi watano tuliomba ruhusa ya mwalimu wa fizikia tukapima jiwe moja lililochomoka kutoka bruchi kuukuu. Lilikuwa kubwa kama punje ya hindi, na mwenyewe alikuwa akisema ni almasi ya marehemu mama mkwe wake.

Tulitumia mizani ya kielektroniki inayosoma hadi gramu 0.01. Kwanza tulilipima jiwe likiwa kavu: gramu 1.14. Pili tuliweka bika yenye maji juu ya mizani, tukarudisha masomo hadi sufuri. Tatu tulilifunga jiwe kwa uzi mwembamba tukalining'iniza ndani ya maji, lisiguse chini wala kando. Mizani ikasoma 0.20. Hii ni kanuni ya Archimedes: namba hiyo ni gramu za maji yaliyosukumwa na jiwe, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, basi ujazo wa jiwe ni 0.20.

Gawanya 1.14 kwa 0.20. Jibu ni 5.7. Zirkonia!

Lingekuwa almasi, mizani ingesoma karibu 0.32. Lingekuwa moisanaiti ingesoma 0.35, na kioo karibu 0.46. Hata tukikubali kwamba mizani yaweza kukosea kwa 0.01 huku na huku, jibu letu linakaa kati ya 5.4 na 6.0, mbali kabisa na 3.52. Mwenye bruchi alinyamaza kidogo, kisha akasema ataendelea kuivaa kwa sababu aliyempa alikuwa mtu mwema. Nami nikaona hapo amesema kweli ambayo mizani haipimi.

Lakini shahidi huyu naye ana udhaifu wake. Jiwe dogo la gramu 0.1 lingesukuma maji ya gramu 0.03 tu, na mizani yetu ingetupa jibu la kubahatisha. Jiwe likiwa ndani ya pete pia haiwezekani, kwani dhahabu ni nzito na itaharibu hesabu. Tena densiti ya topazi ni karibu 3.5, sawa na ya almasi! Densiti ingemwachilia topazi aende zake, lakini lile gazeti lingemkamata. Mnaona sasa kwa nini nasema shahidi mmoja hatoshi?

KISA CHA JIRANI YETU

Kuna nyanya mmoja mtaani kwetu anayelea wajukuu watatu. Mjukuu mmoja alipofukuzwa kwa ajili ya karo, nyanya alitoa pete aliyopewa na tajiri wake wa zamani siku alipostaafu kazi ya nyumbani. Akaipeleka kwa mnunuzi mmoja mjini. Mnunuzi aliipulizia pumzi mara moja, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, hiki ni kioo, nakuhurumia tu," akataja bei ndogo.

Nyanya hakuwa na lenzi wala mizani, lakini alikuwa na swali. Akauliza, "Mwanangu, na hii namba iliyoandikwa ndani ya pete ni ya nini?" Mnunuzi akaanza kumharakisha. Nyanya akaifunga pete yake katika leso akaondoka. Namba ile ilikuwa 750, maana yake sehemu 750 kwa kila 1000 za madini ya pete ni dhahabu, ile tunayoiita dhahabu ya karati 18. Sonara wa pili aliiosha pete mbele yake, akampa lenzi naye achungulie, akatumia mashine zote mbili, akapima uzito wa pete. Kijiwe kilikuwa almasi, ndogo lakini ya kweli. Bei aliyopewa ilizidi maradufu ile ya kwanza, na karo ikalipwa. Hata kama kijiwe kingekuwa kioo kweli, dhahabu peke yake ilizidi ile bei ya huruma!

Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Mimi naongeza kwamba si kila anayesema hiki hakina thamani anasema kweli.

ALMASI ZA KIWANDANI

Jambo la mwisho linawatatiza hata wataalamu. Tangu mwaka wa 1954, pale kampuni ya General Electric ya Marekani ilipofaulu kutengeneza almasi kwa joto na kani kubwa, binadamu amejua kuiumba almasi yeye mwenyewe. Siku hizi pia huoteshwa kutokana na gesi, tabaka baada ya tabaka. Hizi si bandia kama kioo. Ni kaboni ile ile, ugumu ule ule, densiti ile ile. Mashahidi wetu wote watano wataapa kwamba ni almasi, na hawatakuwa wamedanganya. Kuzitenganisha na za asili huhitaji mashine za maabara kubwa za vito, na bei yake ni ya chini sana kuliko ya zile za asili. Kwa hivyo mtu akikuuzia, swali si "Je, ni almasi?" tu, bali pia "Je, ilitoka ardhini au kiwandani?" na jibu liandikwe kwenye risiti.

LA KUFANYA

Basi, wenzangu, mzazi akikuonyesha pete, fuata hatua hizi. Ioshe kwanza. Soma namba iliyo ndani: 375, 585 na 750 ni dhahabu, 925 ni fedha. Ujue kwamba namba nayo yaweza kughushiwa, kwa hivyo ni dalili tu. Ipulizie pumzi. Iangalie kwa lenzi kama utapata. Usiikwaruze, usiigonge, usiichome moto. Kisha mpeleke mzazi kwa masonara wawili au zaidi, na pete isiondoke machoni penu hata dakika moja, maana jiwe hubadilishwa upesi kuliko kupepesa jicho. Na mtu akikuharakisha, hiyo nayo ni kipimo. Mwenye haki haogopi kuulizwa.

MSAMIATI

Fuawe – chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake.
Karati – kwa almasi ni kipimo cha uzito, gramu 0.2, kwa dhahabu ni kipimo cha usafi, 24 ikiwa safi kabisa.
Kughushi – kuiga kitu kwa nia ya kudanganya.
Maruirui – kuona vitu visivyo sawasawa, kama mtu mwenye kizunguzungu.
Sonara – fundi wa kutengeneza mapambo ya dhahabu, fedha na vito.

MASWALI

1. Kwa nini kipimo cha kutumbukiza jiwe majini, bila kupima kwa mizani, hakina maana?
2. Jiwe lina gramu 0.88 likiwa kavu, na linasukuma maji ya gramu 0.25. Tafuta densiti yake. Je, umethibitisha kwamba ni almasi? Taja kito kingine ambacho kingeleta jibu kama hilo, na shahidi utakayemwita ili kuvitenganisha.
3. Tofautisha kati ya kugumu kukwaruzwa na kustahimili pigo.
4. Eleza kwa maneno yako: "Kuna shahidi anayeweza kusema huyu siye, lakini hawezi kusema huyu ndiye."

Atakayepata majibu yote ayalete katika kikao cha Chama. Zawadi si almasi, lakini chai itakuwepo.